Shati la Mouzaoir

Jumanne saa mbili asubuhi Loutfia alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe lake mtoni Mutsamudu, anafua shati la Mouzaoir mara ya kumi na mbili. Lilikuwa shati la mikono mifupi, rangi ya maziwa, limekosa kifungo cha tatu. Alilipaka sabuni ya mche, akalifikicha kwenye kola, akalisuuza, akalinyanyua juu kulitazama, akaanza tena. Mouzaoir mwenyewe alikaa hatua tano mbele yake, kampa mgongo, miguu ndani ya maji mpaka vifundoni, mikono kaiweka nyuma kama imefungwa. Haikufungwa. Ila tangu arudi kutoka Moroni hakuiweka pengine popote, na mama yake, Echat, ndiye aliyekuwa akimlisha kama mtoto.

Loutfia alikuwa nesi. Zahanati ilimpa chumba cha mwisho, kile cha karibu na stoo, chenye meza moja, viti viwili na mlango usiofunga. Kule ndiko walikopelekwa wagonjwa wa moyo mzito, wale ambao daktari akiwapima hakuti kitu. Alikaa na wagonjwa wake mle chumbani mwezi mmoja tu. Aliona kwamba mtu akiwekwa mbele ya meza anakumbuka polisi, na kama hakumbuki polisi anakumbuka shule, na kote huko hakuna aliyewahi kusema la moyoni. Basi akawapeleka mtoni.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Wanawake wa Mutsamudu wanapofua hawatazamani. Macho yako kwenye nguo, mikono ina kazi, na mdomo unabaki huru. Mambo yote mazito ya mji huo yamesemwa na watu waliokuwa wanasuuza kitu. Loutfia alichukua desturi hiyo akaifanya tiba. Alimwambia mgonjwa: niletee nguo uliyovaa siku ile mambo yalipoanza. Kaa, nipe mgongo, tia miguu majini. Mimi nitafua. Wewe zungumza na maji. Kama huna la kusema, hakuna neno, angalau nguo itakuwa safi.

Na sharti lake lilikuwa moja: mtu akija na nguo, harudishwi.

Maji yalishika kila yalichoambiwa. Mwanzoni hilo lilileta ugomvi, kwa sababu waliofua upande wa chini walirudi na mashuka yanayonong'ona. Bi mmoja wa mtaani alilalia habari za ndoa ya jirani yake wiki nzima, akaja zahanati kulalamika kwamba bora angeambiwa mwisho wake. Ikabandikwa ratiba kwenye mlango wa zahanati: Jumanne na Alhamisi ni za Bweni Loutfia, yaani Bibi Loutfia, wengine wafue upande wa juu wa daraja. Watu wakaizoea.

Mouzaoir alikuwa kuli wa bandarini. Mwaka huo, mwaka wa saba tangu mamluki wa Kizungu waje na kambi yao, alipelekwa Moroni na meli ya saruji kusaidia kupakua. Alitakiwa kukaa siku nne. Alikaa miezi mitano. Siku moja meli ikamshusha Mutsamudu akiwa na shati hilo hilo, mikono nyuma, hasemi.

Mara kumi na moja za kwanza hakusema kitu na Loutfia hakumwuliza. Jumanne hiyo, alipofika kwenye kwapa la kushoto la shati, Mouzaoir akaliambia jiwe lililo chini ya mguu wake:

"Tulikuwa saba."

Loutfia hakuacha kufikicha. Kuacha ni kosa; mtu akisikia mikono imenyamaza naye ananyamaza.

"Tulikuwa tunangoja taksi, njia ya Itsandra," Mouzaoir akayaambia maji. "Hatujuani. Jipu la Kapteni wa mamluki likasimama. Akashuka, akakanyaga matumbo ya samaki. Akaanguka kwa makalio."

Maji yakapita.

"Tukacheka."

Siku hiyo aliishia hapo. Kila alipokuja tena alitoa kipande kingine, na Loutfia akakipokea kwa mgongo ule ule wa Mouzaoir na sabuni ile ile. Kapteni aliuliza nani kacheka. Wote walisema mimi, kwa sababu walidhani ni mchezo bado. Wakatiwa ndani ya tangi la maji ya mvua pale kambini, lile la saruji lililochimbwa chini ya ardhi kama chumba, likiwa kavu kwa kiangazi. Mfuniko ulikuwa wa chuma. Mikono ilifungwa nyuma. Akataja majina, moja kila shati lilipofuliwa: Oumouri, mwalimu wa Ntsoudjini. Youssoufa, mvuvi. Rachadi. Sounhadj, aliyekuwa anatoka kununua dawa ya mtoto. Mbechezi. Na Toihir, ambaye aliendelea kucheka kidogo mle ndani mpaka siku ya tisa.

Mara ya kumi na nane akasema: "Nilitoka mimi tu. Walisahau kufunga mfuniko, wakaona mmoja bado anakohoa, wakanivuta juu."

Loutfia alirudi nyumbani, akapika mchuzi, akautia chumvi mara tatu. Mumewe aliumaliza wote, maana aliuona uso wake.

Barua ilikuja Jumatatu iliyofuata. Bwana Mdahoma, mkuu wa zahanati, aliishika kwa ncha za vidole kama panya. Ilitoka ofisi moja ya serikali Moroni. Ilisema imesikika kwamba kuli fulani anatapika maneno mtoni. Ilitaka nesi Loutfia asaini karatasi iliyoambatanishwa, kwamba Mouzaoir ana wazimu wa kuzaliwa. Asiposaini, mgonjwa aletwe kambini Moroni, ambako kuna matibabu.

"Saini, bweni," Mdahoma akasema. "Karatasi tu."

"Inasema alizaliwa hivi."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwepo alipozaliwa, Bwana Mdahoma. Kitovu nilikikata mimi. Alilia kama wote, na akanikojolea."

"Basi andika alikojoa kiwendawazimu!" Mdahoma akafuta jasho. "Unataka nifanye nini? Hata mimi nina watoto. Wale watu hawaji na barua mara mbili."

Mlangoni alikuwa amesimama Echat, shiromani lake, shuka la kujifunika, kalibana kwenye meno, amesikia yote. Akamvuta Loutfia mpaka uani, kwenye kamba ya bandeji.

"Saini, mdogo wangu," akasema. "Mwite mwendawazimu. Mwite mbuzi ukitaka. Asirudi kule."

"Dada, nikisaini, yote aliyosema yanakuwa ya mwendawazimu. Na wale sita wana mama zao."

"Najua wana mama," Echat akasema. "Mimi mtoto ninaye mmoja."

Loutfia akashika kamba ya bandeji. Alikuwa na hasira tu, na hasira yake haikujua imwendee nani, kwa hiyo ikamkaa kwenye taya. Tangu siku hiyo akitafuna wali unasikika. Alimwambia Echat: nipe siku tano, na nipe shati. Nitakwenda Moroni mwenyewe, niwaambie ana kwa ana. Mtu akiambiwa ana kwa ana huona haya.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili na aliamini hivyo kweli.

Jumatano alikwenda uwanja wa ndege Ouani na begi moja. Ndani mlikuwa na nguo za kubadili, mche wa sabuni na shati la Mouzaoir. Karani alipima begi, kisha akachungulia nyuma yake, kwenye mlango wa kuingilia, ambako mto ulikuwa umefika na kusimama.

"Ule ni wako?"

Loutfia akageuka. "Umefuata shati," akasema.

"Mzigo mwisho kilo ishirini, bi."

"Mimi sikuuita."

"Basi ushuke zake baharini. Humu hauingii."

Mto ukasikia, ukageuka, ukashuka zake baharini. Wanawake wa Mutsamudu walipokuja na makarai yao walikuta mawe matupu. Wakasema umekwenda Moroni na Loutfia, wakabeba nguo kwenda mto mwingine, wananung'unika kwa sababu ya umbali.

Moroni alifikia kwa Roukia, rafiki yake wa zamani, kwenye nyumba ya vichochoroni aliyorithi kwa mama yake. Asubuhi akaenda ofisini. Aliyempokea aliitwa Soidri, mtu mpole, suti ya kijivu, feni mezani, na kando ya feni muhuri. Alimpa kiti. Alimpa chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, tangi, mfuniko, majina sita, na kila jina likitajwa alitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana," akasema. "Njoo Jumatatu."

Mto ulifika siku hiyo hiyo, Alhamisi adhuhuri. Ulipanda kutoka bandari ndogo chini ya msikiti, umechoka, una chumvi kidogo, ukapita kichochoro kwa kichochoro mpaka kizingiti cha Roukia, ukatulia.

"Ndio huu?" Roukia akauliza. "Nilidhani ni mkubwa zaidi."

"Umetoka mbali."

"Vua viatu basi, usije ukaviloanisha."

Ngazidja, kisiwa cha Moroni, haina mito. Kisiwa kile ni mawe ya moto wa volkano, mvua ikinyesha ardhi inaimeza yote, na watu wanaishi kwa matangi. Kwa hiyo wa Moroni walikuja na ndoo. Hakuna aliyeuliza mto umekujaje. Waliuliza nani akae wapi. Wazee waliokwisha fanya ndoa kubwa, ile karamu inayompa mtu cheo, walikutana uwanjani baada ya sala ya alasiri, wakaamua kwamba upande wa juu ni wao, kwa heshima, na ambao hawajafanya watachota chini. Mzee mmoja akauliza je, maji yakigeuka yakaanza kutiririka kinyume, heshima itakuwa upande gani? Wakalijadili hilo mpaka magharibi. Loutfia alikaa barazani na shati mapajani, anawasikiliza. Hakuna mmoja wao aliyetaja kambi. Alijua kwamba wote wanajua kambi iko wapi.

Ijumaa asubuhi mto ukaondoka mjini. Ulishika njia ya Itsandra, upande wa kulia, kama gari. Loutfia akaufuata na begi lake. Ulipunguza mwendo mahali pamoja kando ya barabara, pale wauza samaki wanapotupa matumbo, ukazunguka mara moja, halafu ukaendelea mpaka lango la kambi.

Langoni alikuwa amesimama mlinzi kijana wa sare nyeusi ya askari wa mamluki, mwenyewe wa hapo hapo kisiwani.

"Una kibali?"

"Mimi siingii," Loutfia akasema. "Anayeingia huyu."

Mlinzi akautazama mto. "Huo una kibali?"

"Uulize wenyewe."

Mlinzi akainama kidogo, kama anataka kuuliza kweli, na mto ukapita chini ya lango. Ukavuka uwanja wa gwaride. Loutfia aliuona ukifika kwenye mfuniko wa chuma, ukatafuta upenyo, ukaupata, ukaingia. Ikasikika sauti ya chombo kinachojaa, kwanza nene, kisha nyembamba, kisha basi.

Halafu mashati yakaanza kutoka.

Yalitoka moja moja, yakapita chini ya lango, yakajitandaza yenyewe kwenye ukuta wa mawe meusi kando ya barabara, mikono imenyooshwa, kama alivyoyazoea Loutfia. Yalikuwa sita. Yalikuwa safi. Mfukoni mwa la kwanza mlikuwa na chaki, kavu. Mfukoni mwa la nne mlikuwa na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi ya watoto, haijafunguliwa.

Loutfia akaliweka la Mouzaoir mwishoni, likawa la saba, akakaa chini kungoja.

Mama wa Oumouri, aliyeitwa Moinafouraha, alikuja kutoka Ntsoudjini kwa miguu. Hakuna aliyemwita. Uso wake ulikuwa na upako wa asubuhi wa msandali bado, haujakauka. Alipita kwenye mashati bila haraka, akasimama kwenye la kwanza, akaligeuza ndani nje.

"Hili kwapa nilishona mimi," akasema. "Nilikosea. Nikamwambia livae tu, nani atakuona kwapani, mwalimu mzima."

Akalikunja mara nne.

"Na mwenyewe?"

"Mto umeleta unachoweza kubeba, mama," Loutfia akasema.

Moinafouraha akatikisa kichwa. Akaenda langoni na shati lake, akamwambia mlinzi: "Wewe si mtoto wa Kalathoumi wa pale sokoni? Nilikufundisha kuvaa viatu." Mlinzi akatazama juu. Yule mama akaliweka shati kifuani. Alisimama pale pale, na wengine walipofika, kutoka Itsandra, kutoka mjini, kila mmoja alichukua lake akaja kusimama kando yake, mpaka wakawa sita. Jua likawapiga mchana mzima na hakuna afisa aliyetoka. Saa kumi na moja likatoka gari la kununua mikate. Likawapigia honi. Wakasogea, likapita, wakarudi.

Kesho yake Kapteni alikuja mwenyewe kwa Loutfia.

Mto ulikuwa umeshatoka tangini, umelala kando ya barabara, chini ya ukuta, na Loutfia alikuwa amejipatia jiwe. Watu walishaanza kumletea nguo: bibi mmoja na kanga, mpiga chapa mmoja wa serikali na suruali ambayo hakutaka kusema ni ya lini. Kapteni aliwaambia wapishe. Alikuwa mtu mrefu, shingo nyekundu. Alikuwa amesilimu siku aliyooa, akapewa jina, lakini jina hilo alilitumia harusini tu. Alijua lugha ya pale ya kutosha kuamuru.

Akavua shati. Lilikuwa limepigwa pasi, mistari imesimama.

"Wanasema ukija na nguo hurudishwi," akasema.

Loutfia akalitazama lile shati. Miaka kumi na tano ya kazi yake yote ya mtoni ilikuwa kwenye lile neno moja, na sasa lilikuwa limeshikwa na mkono huu. Kama angemrudisha, neno lingekufa. Kama asingemrudisha, aliona kwamba kitu kingine kingekufa, na hicho hakukijua jina.

"Leta," akasema. "Kaa. Nipe mgongo. Tia miguu."

Kapteni akatia miguu. Maji yakasogea. Yakamwachia kijiduara kikavu, sawasawa na ukubwa wa nyayo zake, yakapita pembeni. Akasogeza miguu kulia, kijiduara kikamfuata.

"Maji hayanitaki."

"Sema nayo."

"Sina la kusema. Silali, basi. Wiki ya tatu hii. Nataka usingizi tu."

"Usingizi sina, Kapteni. Hapa watu huja kusema."

Kapteni akapiga mwayo. Loutfia akaanza kufua. Jiwe la Ngazidja si kama la Mutsamudu lililolambwa na maji tangu zamani. Ni jeusi, lina meno. Alipaka sabuni akafikicha kola. Alifikicha kwa Oumouri na chaki yake. Alifikicha kwa chupa ya dawa ya kikohozi, kwa mikono iliyosahau njia ya kurudi mbele, kwa Echat na yule mmoja wake, kwa chai ya Soidri, kwa wazee na heshima zao za upande wa juu, kwa honi ya gari la mikate. Hakuinua sauti, hakuinua uso. Kwanza ilitoka rangi. Kisha vikatoka vifungo, akaviweka pembeni. Kisha mishono ikaachia, kola ikaenda, mikono ikaenda, kitambaa kikawa wavu, wavu ukawa nyuzi, nyuzi zikachukuliwa na maji. Mikono ya Loutfia ilikuwa inavuja damu kwenye vifundo. Akaisuuza.

"Tayari," akasema, akampa vifungo saba.

Kapteni akavihesabu mkononi. "Na shati?"

"Huo uchafu ulikuwa ndio shati lenyewe."

Kapteni akasimama, kifua wazi, akavitia vifungo mfukoni. Hakukasirika. Alisema kwamba amejisikia nafuu kidogo, akavuka barabara, akarudi kazini. Na hilo ndilo lililomchoma Loutfia kuliko yote: kwamba huenda alisema kweli.

Jumatatu mto ulikamatwa.

Walikuja walinzi kumi na wawili na sururu, mabomba na mifuko ya saruji, saruji ile ile aliyoipakua Mouzaoir. Mmoja alisimama ukingoni akausomea mto karatasi: kuingia kambini bila kibali, kutoa mali ya kambi bila ruhusa. Mto ulitulia kumsikiliza, kama ulivyozoea kusikiliza watu. Wakachimba mfereji mpaka tangini. Mto ukaingia. Wakarudisha mfuniko, wakamwaga saruji juu, wakaisawazisha kwa ubao, na mmoja akaandika tarehe kwa kidole.

Wale mama sita walitazama yote, mashati kifuani. Loutfia alinyoosha mikono yake miwili kwa mlinzi ili naye afungwe.

"Wewe hutakiwi," mlinzi akasema. "Nenda ofisini."

Soidri alimpa kiti. Alimpa chai. Akamsogezea karatasi: Mouzaoir wa Mutsamudu, wazimu wa kuzaliwa. Chini palikuwa na jina la Loutfia, limepigwa chapa vizuri, na muhuri juu yake.

"Sijasaini hii."

"Ndiyo, tumekusaidia," Soidri akasema. "Tuliona ni mzigo kwako." Akampulizia chai ipoe. "Mama yake atafurahi. Sasa hawamgusi. Mtu mwenye karatasi hii hana anachoweza kusema kikadhuru."

Loutfia alitaka kuipindua meza. Akaishika kwa chini kabisa. Ilikuwa ya chuma, imefungwa sakafuni kwa skrubu. Inaelekea alikuwa si wa kwanza. Akachukua nakala ya karatasi, akaikunja, akaitia begini pamoja na shati.

Roukia humtumia habari kwa abiria wa ndege. Anasema maji ya kambini ni mazuri. Mama sita bado husimama langoni kila Ijumaa, na gari la mikate huwapigia honi. Mtu akifungua bomba jikoni kwa maafisa, kwanza linataja majina sita, halafu ndio maji yanatoka. Wake zao walilalamika siku mbili tatu. Siku hizi wanawasha redio kwanza, halafu bomba.

Mutsamudu mto haukurudi. Jumanne na Alhamisi Loutfia bado hushuka na wagonjwa wake, kila mtu na nguo yake, wakakaa kwenye mawe makavu, miguu katikati ya vumbi na majani. Ratiba ingali mlangoni. Hakuna aliyeitoa.

Jumanne moja walinzi wawili wa sare nyeusi, waliotumwa kutoka Moroni kukagua bandari, walikuwa wanapita darajani wakasikia mtu anazungumza chini kwa sauti kubwa. Wakashuka. Wakamkuta Mouzaoir, kawapa watu wote mgongo, anauambia mkondo mkavu majina. Echat alikuwa karibu. Alitoa kifuani nakala ya karatasi aliyoileta Loutfia kabla hawajauliza.

Walinzi wakaisoma, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Mwache," wa kwanza akasema. "Ana karatasi."

"Lakini anataja kambi."

"Ana karatasi, nakwambia. Huyu ana ruhusa."

Wakairudisha, wakapanda zao juu. Visiwani kote hakukuwa na mtu mwingine mwenye ruhusa hiyo.

Mouzaoir hakuwageukia. Alikuwa katikati ya hesabu, na hesabu ilikuwa inamponyoka, kwa hiyo akaleta mikono yake mbele, polepole, ikiwa migumu kama ya mtu mwingine, ili apate vidole. Echat akaziba mdomo kwa shiromani.

"Oumouri," akasema, akakunja kidole. "Youssoufa. Rachadi. Sounhadj. Mbechezi. Toihir. Na mimi." Vikawa saba. Akavitazama. Chini ya miguu yake mawe yalikuwa ya moto kwa jua.

"Na mto," akasema, akakunja cha nane. "Sasa tuko wanane."

Nyuma yake Loutfia hakuacha kazi. Alilipaka shati sabuni kavu, akashika kola, akaanza mara ya kumi na tisa.